Miili Isiyoulizwa: Historia ya Maiti Zinazotazamwa kwa Tiketi

Mwaka 1977, katika taasisi ya anatomia ya Chuo Kikuu cha Heidelberg nchini Ujerumani, daktari kijana aliyeitwa Gunther von Hagens alibuni njia ya kutoa maji na mafuta katika mwili wa marehemu na kujaza plastiki mahali pake. Mbinu hiyo, iitwayo plastinesheni, inaelekea kutimiza nusu karne. Ndiyo iliyozaa maonyesho ya Body Worlds, ambayo waandaaji wake wanasema yametazamwa na watu zaidi ya milioni 50 tangu mwaka 1995. Ndiyo pia iliyozaa kesi, maandamano na amri za mahakama kuanzia London hadi New York na Paris.

Anayeingia katika maonyesho hayo hukutana na binadamu halisi. Wamechunwa ngozi na kusimamishwa, mmoja akirusha mpira wa kikapu, mwingine akiinamia ubao wa sataranji, mwingine amepanda farasi aliyechunwa kama yeye. Misuli, neva na mishipa ya damu vyote viko wazi. Pembeni kuna mapafu meusi ya mvuta sigara na ini lililoharibiwa na pombe.

Wanaoyatetea husema hakuna kitabu wala picha inayofundisha kiasi hicho. Wanaoyapinga, wakiwemo viongozi wengi wa dini, husema maiti ni ya kusitiriwa, haifai kugeuzwa pambo la ukumbini. Kelele za pande hizo mbili zimefunika swali la tatu, ambalo mwandishi wa makala haya analiona kubwa kuliko yote: huyu aliyesimamishwa hapa, aliulizwa alipokuwa hai?

Kwa sehemu kubwa ya historia, jibu ni hapana.

Kitanzi kilitangulia kisu

Upasuaji wa maiti mbele ya watazamaji ulipata makao rasmi Ulaya mwishoni mwa karne ya 16. Chuo Kikuu cha Padua, Italia, kilijenga ukumbi wa kudumu mwaka 1594, wenye ngazi za umbo la yai zinazopanda juu ya meza moja katikati. Leiden, Uholanzi, nayo ikajenga wake. Upasuaji ulifanywa majira ya baridi ili maiti isiharibike upesi, na waliokuja kutazama hawakuwa wanafunzi peke yao. Wafanyabiashara na wakubwa wa mji nao walilipa kiingilio wakatazama.

Mwaka 1632 mchoraji Rembrandt aliwachora madaktari wa Amsterdam wakimsikiliza Dk. Nicolaes Tulp, aliyevaa kofia yake pana, akiinua misuli ya mkono wa maiti kwa koleo. Majina ya madaktari hao yameandikwa ndani ya picha yenyewe. Aliyelala mezani alikuwa Adriaan Adriaanszoon, maarufu kwa jina la Aris Kindt, mwizi aliyenyongwa muda mfupi kabla ya somo kuanza.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila mahali. England ilikuwa imewaruhusu vinyozi na wapasuaji wa London kuchukua maiti nne za walionyongwa kila mwaka tangu 1540. Sheria iliyoanza kutumika mwaka 1752 ikaenda mbali zaidi, ikaamuru kwamba muuaji asizikwe hadi mwili wake upasuliwe au utundikwe kwa minyororo hadharani. Kupasuliwa kukawa adhabu inayomfuata mtu hata baada ya kufa. Kwa watu wa zama zile, walioamini kwamba siku ya ufufuo mwili utahitajika mzima, hofu hiyo ilizidi hofu ya kitanzi.

Ufundi wa kuhifadhi nao ulikuwa unakua. Frederik Ruysch wa Amsterdam alidunga nta ya rangi katika mishipa ya maiti, akaweka mkusanyo wake wazi kwa wageni, na mwaka 1717 akamuuzia Petro Mkuu wa Urusi. Honoré Fragonard, karibu na Paris, alikausha mpanda farasi pamoja na farasi wake katika karne ya 18, na mpaka leo wapo. Florence ilichagua njia ya upole zaidi: makumbusho ya La Specola, yaliyofunguliwa mwaka 1775, yaliwaonyesha watu miili ya nta.

Umaskini ukawa kosa

Mwanahistoria wa Uingereza Ruth Richardson ndiye aliyekaa na sehemu inayofuata ya habari hii kwa muda mrefu, na kitabu chake Death, Dissection and the Destitute, kilichotoka mwaka 1987, ndicho kinachotuongoza hapa. Historia nyingi za tiba husimulia werevu wa madaktari. Richardson aliwafuata waliolala mezani.

Mwanzoni mwa karne ya 19 shule za anatomia Uingereza ziliongezeka, lakini waliohukumiwa kifo hawakutosha. Pengo hilo likazibwa na wafukuaji wa makaburi, waliochimba usiku na kuuza maiti kwa shule kabla ya alfajiri. Matajiri walinunua majeneza ya chuma. Maskini walilinda makaburi kwa zamu, usiku baada ya usiku, hadi walipoamini kwamba mwili wa ndugu yao umeharibika kiasi cha kutofaa kuuzwa.

Mjini Edinburgh wanaume wawili waliona kuchimba ni kazi ya bure. Mwaka 1828 William Burke na William Hare waliwaua watu 16, wengi wao wapangaji, wazururaji na wanawake wasio na wa kuwaulizia, wakaiuzia miili yao shule ya Dk. Robert Knox. Hare aligeuka shahidi wa serikali akaachiwa. Burke alinyongwa Januari 1829 na kupasuliwa hadharani, na mifupa yake bado imesimama katika makumbusho ya anatomia ya Chuo Kikuu cha Edinburgh. Knox hakushtakiwa.

Hasira ya watu ilionekana Aberdeen, Desemba 1831, mbwa alipofukua mabaki ya binadamu nyuma ya ukumbi mpya wa anatomia. Umati ulivamia, ukakuta maiti ndani, ukauteketeza ukumbi wote.

Bunge lilijibu kwa Sheria ya Anatomia ya mwaka 1832. Sheria hiyo ilikomesha kuwapasua wauaji kama adhabu, na ikawapa madaktari njia mpya ya kupata maiti: wale waliofia katika nyumba za maskini na hospitali za umma, endapo hakuna ndugu aliyekuja kudai mwili. Kwenye karatasi ilionekana haki. Richardson anaonyesha ilivyokuwa kwenye maisha. Aliyefia nyumba ya maskini mara nyingi alikuwa na ndugu, ila ndugu hao hawakuwa na fedha za mazishi. Wakidai mwili, gharama ni yao. Wasipodai, unakwenda kwa kisu. Adhabu iliyokuwa ya muuaji, anasema, ikahamishiwa kwa fukara.

Takwimu zake zinatosha kumnyamazisha mbishi. Katika miaka 100 ya kwanza ya sheria hiyo, karibu miili 57,000 ilipasuliwa katika shule za London peke yake. Isiyofika nusu ya asilimia moja ndiyo iliyotoka nje ya taasisi zilizowahifadhi maskini.

Mwaka huohuo wa 1832 mtu mmoja mashuhuri alijitolea. Mwanafalsafa Jeremy Bentham, aliyefariki Juni 6, aliacha wasia kwamba mwili wake upasuliwe mbele ya rafiki na wanafunzi, kisha mifupa ivalishwe nguo zake na kuketishwa. Daktari wake Southwood Smith alitimiza wasia huo siku tatu baadaye, huku ngurumo za radi zikitikisa ukumbi. Bentham bado ameketi katika Chuo Kikuu cha London kiitwacho UCL, akiwa na kichwa cha nta. Alitaka kuwaonyesha matajiri wenzake kwamba kama maarifa ni ya wote, basi mzigo nao uwe wa wote. Wachache mno walimfuata.

Mtu wa kofia nyeusi

Von Hagens alizaliwa Januari 1945, vita ikielekea ukingoni, katika eneo la Poland lililokuwa mikononi mwa Wajerumani, akakulia Ujerumani Mashariki. Alikuwa mwanafunzi wa udaktari mjini Jena majeshi ya Mkataba wa Warsaw yalipoivamia Czechoslovakia mwaka 1968, naye akaupinga uvamizi huo. Januari 1969 alijaribu kutorokea Magharibi, akakamatwa na kufungwa. Mwaka 1970 serikali ya Ujerumani Magharibi ililipa fedha aachiwe huru, kama ilivyofanya kwa wafungwa wengine wa kisiasa. Amesema kwamba maisha ya gerezani yalimfunza kuamini akili yake mwenyewe kuliko maadili yaliyowekwa na jamii.

Wazo la plastinesheni, kwa simulizi yake mwenyewe, lilimjia buchani, alipomtazama muuzaji akikata paja la nguruwe kwa mashine ya kisu cha mzunguko. Alitaka kukata figo vipande vyembamba namna hiyo na kuvifunika kwa plastiki. Kutoka hapo akajiuliza kwa nini plastiki ikae nje tu, isiingie ndani ya nyama yenyewe.

Kazi hufanyika hivi. Kwanza maiti hudungwa fomalini ili isioze. Kisha mafundi huondoa ngozi na mafuta na kuchambua misuli na neva kwa mkono. Mwili huzamishwa katika asetoni baridi sana, kiasi cha nyuzi 25 chini ya sifuri, nayo asetoni huchukua nafasi ya maji. Asetoni ya vuguvugu huyeyusha mafuta yaliyobaki. Baada ya hapo mwili huingizwa katika silikoni ya majimaji ndani ya chombo kinachofyonzwa hewa. Katika hali hiyo asetoni huchemka na kutoka, na kila inapotoka silikoni huvutwa kuingia hadi ndani ya seli. Mwisho mwili huwekwa katika mkao unaotakiwa kwa nyaya, pini na vizuizi, na gesi hutumika kuugandisha. Mwili mmoja mzima huchukua saa za kazi zipatazo 1,500. Matokeo yake hayanuki, hayaozi, na mwanafunzi anaweza kuyashika kwa mikono mitupu.

Faida yake kwa ufundishaji haina ubishi. Vyuo vingi duniani vinatumia viungo vilivyohifadhiwa hivyo, na mwanafunzi hapaliwi tena na fomalini. Ugomvi ulianza von Hagens alipoamua kwamba wananchi wa kawaida nao wana haki ya kuona.

Onyesho la kwanza lilifanyika Tokyo mwaka 1995. Mannheim, Ujerumani, ilifuata mwaka 1997, makanisa yakapinga, na watu wapatao 780,000 wakaja katika muda wa miezi minne. Machi 2002 maonyesho yakatua London, katika jengo la zamani la kiwanda cha bia mtaa wa Brick Lane. Mara tu yalipofunguliwa, mtu mmoja alifunika kwa blanketi mwili wa mwanamke aliyefariki akiwa na mimba ya miezi minane. Wakati huo Waingereza walikuwa na kidonda kibichi. Mwaka uliotangulia, ripoti ya uchunguzi ilikuwa imethibitisha kwamba hospitali ya watoto ya Alder Hey mjini Liverpool ilihifadhi viungo vya watoto waliofariki bila wazazi wao kujua. Nchi nzima ilikuwa inazungumza kuhusu ridhaa.

Usiku wa Brick Lane

Katika hali hiyo von Hagens alitangaza jambo ambalo lilikuwa halijafanyika Uingereza kwa takriban miaka 170: uchunguzi wa maiti mbele ya watu waliokata tiketi.

Mkaguzi wa anatomia wa serikali, Dk. Jeremy Metters, alimwandikia kumwonya. Hoja yake ilikuwa ya kisheria: von Hagens hakuwa na leseni ya kufanya uchunguzi wa maiti Uingereza, na jengo halikuwa na leseni ya kufanyiwa, hivyo kuendelea kungekuwa jinai chini ya Sheria ya Anatomia ya mwaka 1984. Adhabu ingeweza kuwa kifungo. Von Hagens alijibu kwamba anachofanya ni kuwarudishia wananchi kilicho chao. Kwa karne nyingi, alisema, madaktari wamejifungia na maarifa ya mwili wakati mwenye mwili amewekwa nje ya mlango.

Jioni ya Novemba 20, 2002, watu wapatao 500 walijaa ukumbini, kila mmoja akiwa amelipa pauni 12. Wengi walibaki nje. Kamera za Channel 4 zilikuwa zimepangwa kurekodi, kipindi kirushwe usiku huohuo saa za watu wazima. Polisi walikuwemo, na maprofesa wa anatomia walikuwa wameombwa nao waketi washuhudie ili waweze kueleza baadaye kama sheria imevunjwa. Hakuna aliyejua kama mpasuaji ataruhusiwa kumaliza au atatolewa kwa pingu.

Von Hagens aliingia akiwa amevaa joho la bluu la chumba cha upasuaji na kofia yake nyeusi, ambayo haivui hata ndani, kwa heshima ya Dk. Tulp wa picha ya Rembrandt. Maiti ilikuwa ya Mjerumani wa miaka 72, aliyefariki mwezi Machi mwaka ule. Alikuwa mfanyabiashara ambaye, baada ya kupoteza kazi akiwa na miaka 50, alianza kunywa hadi chupa mbili za wiski kwa siku na kuvuta sigara kwa wingi. Na alikuwa ameridhia mwili wake utumike.

Kisu kilishuka kutoka mabegani hadi katikati ya kifua, kisha tumboni. Fuvu lilifunguliwa kwa msumeno wa mkono. Viungo vilitolewa kimoja kimoja, vikawekwa katika sinia, vikaonyeshwa. Kazi ilichukua karibu saa tatu. Watu walioketi kwa wasiwasi walionekana kuinama mbele wasikie vizuri zaidi. Mwisho wake von Hagens alieleza alichokiona: mapafu na moyo vilivyochakazwa na miaka ya moshi na pombe.

Siku ya pili magazeti yaligawanyika. Chama cha madaktari wa Uingereza kililaani kitendo kile kuwa cha kumvunjia marehemu heshima. Wengine waliuliza, ikiwa marehemu alikubali, aliyevunjiwa heshima ni nani? Watazamaji wapatao milioni 1.4 walikuwa wamefuatilia kwenye televisheni, na malalamiko zaidi ya 100 yakafika kwa msimamizi wa utangazaji, ambaye hatimaye aliona kipindi hakikukiuka kanuni. Polisi walipeleka jalada. Hakuna mashtaka yaliyofunguliwa.

Tukiutazama usiku ule leo kwa jicho la Richardson, jambo la ajabu si kisu wala kamera. Aliyelala juu ya meza ya Brick Lane hakuwa mwizi aliyenyongwa wala fukara aliyekosa jeneza. Alikuwa mtu aliyejiamulia. Kwa karne zote za maonyesho ya hadhara, hilo lilitokea mara chache mno, na siku lilipotokea ndipo serikali ikaja na barua ya onyo.

Bunge la Uingereza lilitunga sheria mpya ya tishu za binadamu mwaka 2004. Leo mtu haonyeshwi hadharani baada ya kufa mpaka awe aliridhia kwa maandishi mbele ya shahidi angali hai. Ndugu hawawezi kumridhia, na daktari hawezi kumridhia.

Miili ya Dalian

Ingekuwa raha kuishia hapo, lakini plastinesheni ilikuwa imekwisha kuwa biashara. Von Hagens alianzisha kiwanda mjini Dalian, China, mwaka 1999. Baada ya jarida la Der Spiegel la Ujerumani kuandika mwaka 2004 kwamba baadhi ya maiti zilizokuwa huko huenda ni za wafungwa waliouawa kwa hukumu ya kifo, alirudisha miili saba China, akisisitiza kwamba miili mizima inayoonekana katika Body Worlds ni ya watu waliojitolea kwa maandishi.

Mtu aliyewahi kufanya naye kazi Dalian, Sui Hongjin, alifungua kiwanda chake. Kampuni ya Marekani ya Premier Exhibitions, iliyokuwa ikijulikana kwa kuonyesha vitu vilivyoopolewa kwenye meli ya Titanic, ilikodi miili kutoka huko na kufungua onyesho lake mwaka 2005 Tampa, Florida, licha ya bodi ya anatomia ya jimbo kutaka kwanza uthibitisho wa ridhaa. New York ikafuata mwaka huohuo. Kampuni ilisema ni maiti ambazo hazikudaiwa na ndugu.

Maneno hayo ni yaleyale ya Bunge la mwaka 1832. Safari hii asiyedaiwa hakuwa tena maskini wa London, alikuwa Mchina asiyejulikana jina, na tiketi ilikatwa Manhattan. Mwanasheria mkuu wa New York, Andrew Cuomo, alifanya uchunguzi, na Mei 2008 kampuni ilikubali kuweka tangazo mlangoni kwamba haiwezi kuthibitisha kuwa miili hiyo si ya wafungwa waliouawa kwa hukumu ya kifo. Waliokwishatazama waliruhusiwa kudai fedha zao. Aliyeonyeshwa hakuwa na namna ya kudai chochote.

Ufaransa ilikwenda mbali kuliko wote. Mwaka 2009 vyama viwili vya kutetea haki vililipeleka mahakamani onyesho la Paris lililoitwa Our Body. Jaji wa kwanza alilifunga, mahakama ya rufaa ikakubaliana naye kwa kuwa waandaaji hawakuweza kuthibitisha ridhaa, na Septemba 16, 2010 mahakama ya juu ikafunga mjadala: sheria inataka mabaki ya binadamu yatendewe kwa heshima, utu na staha, na kuyaonyesha kwa biashara kunakiuka hayo.

Tangu hapo habari zimepungua. Von Hagens ana karakana kubwa katika mji mdogo wa Guben, mpakani na Poland, iliyofunguliwa mwaka 2006, na makumbusho chini ya mnara wa televisheni wa Berlin tangu 2015. Ametangaza kwamba anaugua Parkinson, na kwamba naye atafanyiwa plastinesheni akifa. Waliojiandikisha kumpa miili yao wamezidi 20,000.

Na sisi?

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kudhani haya ni mambo ya Ulaya. Sivyo. Agosti 9, 2002, miezi mitatu kabla ya usiku wa Brick Lane, Sarah Baartman, mwanamke wa Kikhoikhoi, alizikwa kwao Hankey, Afrika Kusini. Alifariki Paris mwaka 1815. Mwanasayansi Georges Cuvier alimpasua, na mifupa yake pamoja na umbo la mwili wake vilibaki kutazamwa katika makumbusho ya Paris hadi miaka ya 1970. Hakuwa ameulizwa.

Wala hakuulizwa Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi, aliyenyongwa na Wajerumani Machi 1900 na ambaye wazee wa Kichaga wanasema kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Mjukuu wake alizeeka akikitafuta. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin, waliokuwa wakipitia mafuvu zaidi ya 1,000 kutoka Afrika Mashariki ya kikoloni, walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewaunganisha ndugu walio hai Tanzania na baadhi ya mafuvu hayo, mojawapo likiaminika kuwa la mshauri wa Meli. Mafuvu hayo yalikusanywa kwa jina la elimu. Elimu hiyo ya kupima vichwa na kupanga watu kwa madaraja imekwisha kutupwa na wasomi wenyewe, lakini mafuvu yamebaki Berlin.

Tuna haki ya kudai yarudi. Lakini tukidai, tuangalie pia vyumba vyetu vya anatomia. Katika vyuo vingi vya udaktari barani Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo, maiti wanayojifunzia wanafunzi kwa kawaida ni ile iliyobaki mochwari bila kuchukuliwa na ndugu. Madaktari wetu bora wamejifunza kwa miili hiyo, na hakuna anayeweza kuwalaumu, kwa sababu bila maiti hakuna mpasuaji mzuri. Lakini tujiulize nani hubaki mochwari. Ni aliyegongwa na gari mbali na kwao bila kitambulisho. Ni kibarua aliyefia mjini wakati kwao kijijini hawajui. Ni yule ambaye ndugu zake wanajua alipo, ila wakifikiria bili ya hospitali na nauli ya kusafirisha jeneza, wanakaa kimya. Ndio walewale Richardson aliowahesabu London.

Inasikitisha kwamba jambo hili halizungumzwi. Tunachangisha damu mashuleni, tumeanza kuzungumzia figo, lakini mtu anayetaka kuacha wasia wa mwili wake kwa chuo cha udaktari atahangaika kumpata hata wa kumwuliza fomu iko wapi. Viongozi wa dini hawajaulizwa kwa utaratibu. Wazee wa mila hawajaulizwa. Tumeamua kwa niaba yao kwamba watakataa, kisha tukachukua wale ambao hawana wa kukataa kwa niaba yao.

Njia nyingine ipo. Thailand, nchi ya watu wanaoheshimu wafu wao sana, wananchi hujiandikisha kwa wingi. Wanafunzi humtendea marehemu kama mwalimu wao, na masomo yakiisha hushiriki mazishi yake kwa ibada kamili, familia ikiwepo. Hakuna kinachozuia vyuo vya Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au Moshi kufanya hivyo: fomu ya wasia inayopatikana kila hospitali ya mkoa, daftari la wazi la kila mwili uliopokelewa na ulikotoka, na siku moja kila mwaka ya kuwazika na kuwashukuru waliofundisha, kwa majina yao pale yanapojulikana.

Hilo linahitaji sheria mpya na fedha kidogo. Zaidi linahitaji mtu mwenye nafasi yake katika jamii, waziri mstaafu, sheikh, askofu au profesa, asimame hadharani atie saini ya kwanza. Bentham alifanya hivyo Uingereza, akabaki karibu peke yake, na maskini 57,000 wakalipa gharama. Wa kwetu akisimama, asiachwe peke yake.